Mzee, Paka wa Bibi, na Kitanda cha Nasri

Siku ya kwanza kazini nilipewa mtoto kabla sijapewa maji ya kunywa. Ilikuwa Majengo, kwa mama mmoja muuza nafaka, mwanamke wa sauti, ambaye sisi wasichana wake tulimwita Bosi hata akiwa hayupo. Akaniambia mtoto hapewi soda, hapewi simu, halafu akasema neno ambalo nimetembea nalo kazi yangu yote: "Mtoto hana mlango. We ndo mlango wake." Mimi nimetoka Mvumi na cheti cha kidato cha nne ambacho hata mama yangu hakukitundika ukutani. Sikusomea ulezi popote. Nikaanza hapohapo kuwa mlango.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaoanza uyaya, maana mimi nimestaafu na watu wananicheka. Eti mtu wa miaka ishirini na sita anastaafu nini. Mwanajeshi akirudi kutoka vitani mnamuuliza umri?

Enzi zetu tulijifunza kwa kudokoa. Nikimpeleka mtoto wa Bosi kliniki, wenzangu wanapiga umbea kwenye benchi, mimi nimemkodolea nesi macho. Ndipo nikajua kukagua: kabla hujamlaza mtoto, unapitisha kiganja godoro zima, unatoa mto, unatoa mdoli, unatoa kanga iliyosahauliwa, ndipo unamlaza chali. Nesi akasema na wanyama wasiingie kabisa anapolala kichanga, kwa sababu hawezi hata kugeuza shingo akizibwa pua. Chandarua kinazuia mbu tu. Kwa paka chandarua ni bembea.

Mtoto wa Bosi alipoanza shule, Bosi akanihamishia Area D kwa rafiki yake, mwalimu, aliyekuwa anakaribia kujifungua. Huyo ndiye Mama Nasri. Mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga anaomba radhi yeye. Nilipougua malaria wiki ya kwanza tu, alinilaza kitandani kwake na tumbo lake lile, yeye akalala kwenye kochi. Tangu siku hiyo, atakayemgusa Mama Nasri tunaonana mimi na yeye.

Basi Nasri akazaliwa, na Bibi, mama mkwe, akashuka kutoka Kondoa kumlea mzazi mpaka arobaini. Alishuka kwenye basi na magunia ya mahindi na kikapu kilichokuwa kinalia nyau. Kwao, alisema, mtoto mchanga hulala chumba kimoja na mavuno, ili asije akaijua njaa. Magunia yakapangwa chumbani kwa Mama Nasri, pembeni ya kitanda cha Nasri. Magunia yakaleta panya. Na kwa ajili ya panya ndiyo maana kikapuni alikuwemo Mzee, dume la paka la kijivu, lina masharubu na kitambi, linakuangalia kama mwenyekiti wa mtaa.

Chumba chenyewe kilikuwa na pazia tu. Mlango alikuwa nao fundi, anaurandaranda tangu mimba ya miezi sita, na kila ukimpigia anajibu kesho.

Nilimtoa Mzee dirishani, akarudi kwa pazia. Nilimwekea samaki uani, akala, akarudi kulala kitandani kwa Nasri. Nikajifunza kubweka. Jirani akaja kuuliza tumenunua mbwa wa aina gani. Bibi akasema paka ni kiumbe safi, hata Mtume alimpenda. Mimi Mkristo, hapo nijibu nini? Nikasema sikatai usafi wake, nakataa anapolala.

Sasa mchana mmoja natoka kuanua nepi, nafunua pazia, namkuta Mzee kajimwaga juu ya chandarua. Kimedidimia mpaka kwa mtoto. Tumbo lote la paka liko usoni kwa Nasri, na miguu ya Nasri inapiga bila sauti. Sijui niliruka vipi. Paka alipita dirishani bila kugusa dirisha. Nasri akavuta pumzi, akalia, na mimi nikalia kumshinda.

Niliyomwambia Bibi siku ile siyaandiki. Shikamoo yangu ya asubuhi ilifutika yote. Na Bibi naye si mtu wa kunyamaza. Akasema hajawahi kufokewa na kitoto cha Kigogo, kwamba amelea watoto wake wote na paka na hakufa hata mmoja, na kwamba mwanawe akirudi safari, mimi narudi Mvumi. Baba Nasri ni dereva wa lori, alikuwa njia ya Singida, anarudi kesho yake. Na kwa mama yake yule bwana hana neno la pili.

Mama Nasri akanivuta jikoni, machozi yanamtoka. Yeye hawezi kumjibu mama mkwe, akasema, na mimi nikiondoka hakuna atakayeweza. "Vero, mdogo wangu, ongea naye taratibu. Nitabaki na nani?"

Kesho yake nimekaa kizingitini pa chumba, mimi na begi langu, mlango kwelikweli. Mama Nasri ananyonyesha sebuleni. Nikasikia kitu kinalalamika ndani. Naingia, kumbe dirisha lilibaki wazi, na kitandani kwa Nasri yumo Mzee, na Mzee anazaa. Wawili tayari wako nje, wa tatu yuko njiani.

Nikamwita Bibi, taratibu, kama nilivyoombwa. Akaja na tasbihi yake, akainamia kitanda.

"Mzee," akasema.

"Ndo huyo, Bibi."

Akakaa juu ya gunia. Mdomo ulinijaa maneno mpaka mashavu yakaniuma, nikayameza yote, nikachagua moja. Maana kwa wiki zote hizo Bibi alikuwa akitufundisha sheria ya uzazi: mzazi hasumbuliwi, mzazi ana chumba chake, na wazazi wawili hawawekwi chumba kimoja.

"Bibi, sasa huyu naye si mzazi?"

"Ni mzazi," akasema, kwa shida.

"Na Mama Nasri?"

Bibi akainuka, akavua kitenge chake cha begani, akawafunga humo Mzee na wanawe, akaamuru wapelekwe stoo ya uani. Mzazi hawezi kukaa mbali na chakula, kwa hiyo na magunia yakafuata. Halafu akachukua simu, akampigia fundi. Yale maneno aliyomwambia yule fundi, mimi na ukali wangu wote nilijiona mtoto wa madrasa. Mlango ulikuja, ukafungwa kabla ya magharibi, na godoro jipya likatandikwa. Baba Nasri alipofika akauliza kuna habari gani. Bibi akasema hakuna, Vero anapika.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa wageni kutoka Kondoa. Mmoja akashangaa mtoto amefungiwa peke yake, paka yuko wapi. Bibi akanyoosha mgongo, akawaeleza kwamba yeye siku zote amekataza mnyama anapolala kichanga, anaweza kumziba pumzi, na ndivyo alivyomfundisha hata huyu yaya wao. Nikaliona jicho la Mama Nasri juu ya kikombe, linaniomba.

"Ni kweli," nikasema. "Bibi ndiye kanifundisha."

Nilistaafu Nasri alipoanza chekechea. Nina banda langu la chipsi sasa, lakini mabinti wa kazi wanakuja kuniuliza, na mimi nawaambia: toa magunia kwanza, paka atayafuata, halafu funga mlango. Wakiniuliza nilijifunzia wapi, nasema kwa Bibi mmoja wa Kondoa. Inaniuma kila nikisema, na kila mara nasema.