Bi Sifuri

Mwanangu, jina la Bi Sifuri nililitunga mimi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewaapia wasiokuwepo kwamba lilitoka kwa mwalimu wetu wa hesabu, Mungu amrehemu, ambaye hayupo tena kujitetea. Nilimsingizia maiti ili nibaki mtu mwema.

Aliyeitwa hivyo ni Mize, tuliyekaa naye dawati moja kidato cha pili, kwetu Micheweni. Muhula wa kwanza alinipita hesabu kwa alama tisa. Mimi, niliyezoea kuitwa kichwa cha ukoo, nilikwenda nyumbani nikasusa chakula. Muhula wa pili likaja bamvua, maji yakatoka mbali, na Mize akashinda pwani siku sita akimsaidia mamake kufunga mwani. Huko watu wazima wakimwuliza yeye kamba ngapi zitatosha kati ya vigingi, naye akijibu bila kuinua kichwa. Aliporudi darasani alikuta jaribio la somo ambalo hakuwepo lilipofundishwa. Akapata sifuri.

"Karibu, Bi Sifuri," nikamwambia mbele ya darasa zima. "Umetuletea mwani?"

Walicheka. Yeye pia alicheka, na hicho ndicho nilichokishikilia miaka yote: si alicheka mwenyewe? Wiki ile ile jina likafika kisimani. Mwalimu akimwuliza swali, wenzake humjibia, "Huyo sifuri, maalim." Mwanzoni alibisha. Kisha akanyamaza. Kwenye mtihani wa mwisho nilimwona kaandika jina lake tu, kalamu kaiweka chini.

"Andika basi, unayajua haya!" nikamnong'oneza.

"Nayajua mie?" akasema. "Si weye ulosema sijui?"

Akafeli, akaacha skuli, akarudi kwenye mwani. Mimi nikafika chuo kikuu nikaandika tasnifu juu ya sababu za watoto wa vijijini kufeli. Nilitaja madawati, umbali, njaa, upungufu wa walimu. Kurasa themanini, na mimi simo hata kwenye tanbihi.

Ninalotaka ulishike, mwanangu, ni hili. Kabla hujasema hesabu huziwezi, tafuta nani alikuwa wa kwanza kukwambia hivyo, na siku hiyo alikuwa akiogopa nini. Na siku ukiona mwenzako kakupita, kalale na wivu wako kimyakimya. Asubuhi utaamka nao, lakini yeye atakuwa mzima.

Juzi Mize alinipigia simu. Hakunilaumu, laiti angenilaumu. Bintiye, Saada, naye yuko kidato cha pili, na alikuwa amerejesha karatasi tupu ya hesabu. Kamwambia mwalimu kwao haziingii, mamake mwenyewe anaitwa Bi Sifuri. Mwalimu kamruhusu arudie kesho yake, mtoto hataki.

"Weye ndiye msomi, shoga," Mize akasema. "Nampa simu, zungumza naye."

Nikamwambia Saada yote, hata zile alama tisa.

"Mama alikupita?"

"Alinipita."

"Basi mbona weye ndiye msomi, na yeye yumo majini na mwani?"

"Kwa sababu nilimwita sifuri, naye akaniamini. Nenda kesho, mwanangu, kaandike. Mungu akupe masikio mazito kwa watu kama mimi."