Bunduki Aliyoichagua Deo

Bunduki ililia, jicho langu la kulia likapasuka, na kabla damu haijanifunika uso nilimwona dada yangu Faida amesimama peku kwenye theluji, anamtazama mumewe. Faida huyo tulimzika kwa mikono yetu kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma. Sema nimechanganyikiwa, wengi wamesema. Lakini jicho halipo. Njoo unionyeshe lilikokwenda.

Acha nirudi nyuma uelewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, tuko wapya Toronto. Mimi na shemeji Bosco, mume wa Faida, tulikaa pamoja mtaa wa Weston, juu ghorofani, tukifanya kazi ghala moja kule Downsview. Bosco ni mwembamba kama ufito, ila moyo wake huo! Jioni ananisongea ugali huku ananitukana: "Kula, shemeji, mla bure wewe." Tulitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, na kwa sababu tulibaki sisi wawili tu tunaokumbuka Faida alivyocheka.

Foremani wetu, msimamizi wa ghala, mzungu mzee, alimpenda Bosco. Akamsaidia kupata kibali cha kuwinda, akamwalika kaskazini wakatafute kulungu. Hapo ndipo palipokuwa na neno. Ukoo wetu hatuli pongo, yule swala wa msituni kwetu, ni mwiko. Aliyeoa kwetu naye hali, hata mke akifa, mpaka mkubwa wa ukoo amfungulie. Na huyo kulungu wa Kanada, mtazame mwenyewe, masikio yale, macho yale ya kike. Kama si pongo ni nani?

Bosco ana adabu, akaenda kuuliza. Mkubwa wetu hapa mjini ni Deo, mtoto wa baba mkubwa, yuko Regent Park. Namtaja, simwogopi. Deo hakuinuka hata kwenye kochi.

"Mwiko ni wa milima ya kwetu," akasema, anatafuna karanga. "Huyu wa huku hana ukoo. Nimekufungulia."

"Kaka, hivyo tu?" nikauliza.

"Ulitaka nipige ngoma? Majirani waite polisi?"

Akatusindikiza mwenyewe kuchagua bunduki. Muuzaji akaweka mezani moja ya kiasi, risasi zake nyembamba. Akatueleza kwamba kulungu hahitaji zaidi, ukitumia kubwa unaharibu nyama na bega lako. Bosco akaishika, akatabasamu. Deo akaisukuma kando, akaonyesha ile ya ukutani, mtutu mnene, risasi kama kidole gumba changu, ya kuulia dubu.

"Shemeji, unakwenda kumuua au kumsalimia?"

"Bon, sawa, lakini mwili wenyewe ndio huu," Bosco akasema.

"Hiyo itakuua wewe kwanza," nikamwambia. "Kulungu atakuja matangani."

Tukacheka. Lakini kwetu mkubwa akishachagua, wewe umechaguliwa. Tukatoka na ile nene.

Msituni foremani alituacha nyuma ya gogo, akapanda kilimani. Ulikuwa mchana mweupe, theluji mpya. Mimi sikuwa na bunduki, nilikwenda kubeba nyama. Kulungu jike akatoka kwenye miti, polepole, anatufuata sisi. Umewahi kuona mnyama anaifuata bunduki? Bosco akaweka jicho kwenye darubini ya bunduki. Yule mnyama akainua mguu mmoja, na naapa mbele za Mungu, aliposhusha ulikuwa mguu wa mtu. Nikapandisha macho. Kitenge. Shingo. Faida.

"Mume wangu," akasema, kwa sauti yake ileile ya kumkemea anayempenda, "bunduki kubwa hivyo, kwa ajili yangu?"

Bosco hakusikia. Mpaka leo anaapa kwamba aliona kulungu tu. Kidole kilikuwa kinavuta. Nikajitupa juu ya bunduki, uso wangu ukaangukia darubini, risasi ikaenda mitini, na chuma kikanirudia kama teke la punda. Ile ya kiasi ingenipiga kofi. Hii ilichukua jicho.

Bosco alinifunga kwa shati lake, analia, ananitukana. Ndipo akaitazama theluji. Alama zilizokuja zilikuwa kwato. Zilizorudi zilikuwa nyayo za mtu, peku, kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimepanda juu ya mwenzake. Mguu huo Bosco aliukanda kila tulipolala njiani tukikimbia vita. Angeusahau vipi? Akapiga magoti, akavua glavu, akalaza kiganja ndani ya unyayo mmoja mpaka foremani alipokuja kumnyanyua.

Bunduki aliirudisha. Hajaoa tena. Na kila theluji ya kwanza tunazikuta nyayo zile kwenye baraza letu, juu kule ambako hakuna ngazi ya nje. Bosco anafurahi, anatoa sahani ya ugali. Mimi nalia. Marehemu aliyepumzika hatembei kwenye baridi.

Wewe unayesoma, ukipewa ruhusa ya jambo zito na mtu asiyeinuka hata kwenye kochi, usiipokee.

Na wewe Deo, nimekupigia simu, ukasema umeokoka, hayo ni ya kizamani. Siku ile ulipomfungulia Bosco yalikuwa ya nani? Mwiko uliofunguliwa ovyo hufungwa tena na mdomo uleule uliofungua, unajua hivyo kuliko mimi. Njoo Weston, usimame kwenye baraza hilo, umwambie dada yetu kwamba ulikosea, apate kupumzika. Mimi sitasema kwa niaba yako. Jibu mwenyewe.