Kitaa Chekundu cha Mita Yetu

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kana kwamba ilikuwa likizo iliyopita. Na kwa kweli ilikuwa likizo iliyopita. Usinitazame hivyo. Mimi niko kidato cha tatu, wewe umeingia cha kwanza juzi na sanduku lako bado linanuka rangi. Kwa hesabu za bweni hili mimi ni mzee wako, na mzee akikaa kitandani kwako akaanza kusimulia, unasogea, unampa biskuti, unasikiliza. Asante. Na nyingine.

Kwetu ni nje kidogo ya Malava, katikati ya miwa. Baba yangu analima hiyo miwa, anaimba besi kanisani, na anaamini kwamba kila kitu kinachoharibika katika boma letu kimeharibiwa na mimi. Mara nyingi hakosei. Ndiyo maana ile siku aliyokosea nataka uijue vizuri.

Shida ilikuwa stima. Tulikuwa tunanunua tokeni, mama anabonyeza zile namba ndefu, tunafurahi, na kabla hatujazoea kufurahi mita inaanza kulia tii, tii, kama kifaranga aliyepotelewa na mama. Na nyumba yetu haina makubwa. Balbu chache, televisheni, friji ndogo ya maziwa, pasi ya Jumapili. Maji ya kuoga tunachemsha kwa kuni. Lakini tokeni zilikuwa zinakwenda kana kwamba tumeficha kiwanda cha sukari nyuma ya choo.

Baba akaitisha kikao sebuleni. Vikao vya baba, mwanangu, huwa vinampata mshtakiwa kwanza, shtaka linafuata baadaye.

"Ni hiyo wufa," akasema, bila hata kunigeukia. "Wufa ya huyu bwana wa simba."

Kama kwenu si huku, simba ni kile chumba cha udongo kando ya boma ambacho mvulana huhamia akishatahiriwa. Unalala peke yako, unaamka peke yako, unabandika picha za timu yako ukutani na hakuna wa kukuuliza. Waya mmoja mwembamba ulitoka nyumba kubwa ukaniletea balbu moja na soketi moja, na kwenye soketi hiyo kulikuwa na wufa, spika ya muziki niliyoachiwa na binamu yangu, yenye kelele nyingi kuliko muziki.

"Baba, tokeni zilikuwa zinaisha hata muhula uliopita," nikasema. "Mimi nilikuwa shule. Wufa ilikuwa imezimwa."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Inakula hata ikiwa peke yake."

Mama akajificha nyuma ya kikombe cha chai ili acheke. Baba hakucheka. "Jumamosi fundi anakuja. Ule waya wa simba unatoka. Ukitaka mwanga, utakuja kulala hapa na Nekesa."

Nekesa ni dada yangu, yuko gredi ya tano, na huongea usingizini kuliko akiwa macho. Lakini si hilo lililoniumiza. Mvulana akishatoka nyumba ya mama yake harudi kulala humo. Wenzangu wangejua kabla hata sijahamisha mto. Wangeniuliza kama nimeshanyonya, mpaka siku ya harusi yangu. Kwa hiyo nikaamua kumkamata mla stima kabla ya Jumamosi kufika.

Sasa sikiliza hapa, maana ndiyo elimu yenyewe. Mita ya tokeni ina kitaa chekundu kinachokonyeza. Stima ikitumika kwa wingi kinakonyeza haraka haraka. Ikitumika kidogo kinakonyeza polepole. Isipotumika kabisa, kinaacha kukonyeza. Mwalimu wetu wa fizikia alitueleza haya siku moja ambayo, kwa bahati, sikuwa nimelala.

Ijumaa asubuhi baba akiwa shambani, nikamweka Nekesa juu ya kigoda mbele ya mita, ukutani nje, nami nikaingia ndani.

"Nimechomeka pasi," nikaita dirishani. "Kitaa kinafanya nini?"

"Kinakimbia. Kinakimbia kama kimeiba."

"Sasa nimetoa."

"Kimepunguza. Kinatembea."

Nikazima friji. Kinatembea. Nikazima televisheni, balbu, hata redio ya mama iliyokuwa inahubiri. Kinatembea tu. Nikatoka mbio mpaka simba, nikaing'oa wufa, mshtakiwa mkuu, nikarudi nikihema.

"Na sasa?"

"Kinatembea, Barasa. Wala hakijakutambua."

Nikashika swichi kubwa, ile inayozima nyumba nzima, nikaishusha. Nyumba ikanyamaza kabisa.

"Sasa kimesimama?"

Nekesa akasogeza pua karibu na mita. "Kinatembea vilevile."

Mwanangu, hebu fikiria. Kila kitu chetu kimezimwa, na bado kuna mtu anakunywa. Niliruka dirishani, mlango niliuona mbali. Nikachungulia nyuma ya ubao wa mita, na pale palikuwa na waya mweusi ambao haukuingia nyumbani kwetu hata kidogo. Ulianzia hapo, baada ya mita lakini kabla ya swichi kubwa, ukapanda ukutani, ukapita chini ya mabati, ukavuka ua na kuzama kwenye miwa. Sikuugusa. Mimi nina utani na watu wengi lakini stima si mmoja wao.

Nikakimbia kumwita baba. Alikuja na panga la shambani, akautazama ule waya, na uso wake ukang'aa. "Mwizi," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo bila kulifuatisha na jina langu.

Tukaufuata. Baba mbele na panga, mimi nyuma yake, Nekesa nyuma yangu na kigoda chake, sijui cha nini. Waya ulikuwa umefungwa kwenye vigingi kando ya mpaka, na miwa ilikuwa imekua ikaufunika wote. Majani yanatukata mikono, jasho linaingia machoni, na sikumbuki asubuhi nyingine niliyoifurahia kiasi kile. Baba alikuwa anaongea peke yake: "Leo atanijua. Leo kijiji chote kitanijua."

Miwa ikaisha. Tukatokea uani kwa Kukhu Nanjala.

Kukhu ni nyanya, na huyu ni nyanya wa kila mtu upande wetu. Mumewe tulimzika mwaka jana, wakati shamba hili lilikuwa limetoka kukatwa na magari ya waombolezaji yaliegeshwa juu ya visiki. Hapo nikakumbuka. Stima ya matanga, ya taa na spika, ilivutwa kutoka kwetu, kama jirani mwenye stima anavyomfanyia jirani aliyefiwa. Mazishi yakiisha, waya hukunjwa. Huu haukukunjwa.

Kukhu alituona, akainuka kwenye mkeka akicheka. "Karibuni. Mmekuja kuona watoto wenu."

Akafungua mlango wa jiko lake la zamani. Ndani kulikuwa na balbu kubwa nyekundu, zile za kupasha joto, zimening'inia juu ya vumbi la mbao, na chini yake vifaranga wamejaa kama popkoni. Kundi jingine kubwa, majogoo tayari, lilikuwa linatembea uani kwa kiburi. Nikaelewa mita yetu ilijifunzia wapi kulia tii, tii.

"Mama," baba akaanza, kwa ile besi ya kanisani, "hii stima..."

"Ndiyo hiyo," Kukhu akasema. "Siku ile ulishika maikrofoni hapa mbele ya watu, ukasema maadamu wewe ni hai mimi sitakaa gizani. Mimi nilisema moyoni, hayo ni maneno ya matanga, watu wanasemanga. Kesho yake nikaamka, nikaona taa bado iko. Siku ingine, bado iko. Nikasema, kumbe huyu mtoto ni mwanaume. Wengi walisema siku ile. Wewe peke yako ulifanya."

Nilimwona baba akilisogeza panga polepole nyuma ya mguu wake. Nami nikakumbuka ile hotuba vizuri. Ilikuwa ndefu, ilikuwa tamu, watu walipiga makofi, hata mimi nilipiga. Nikafungua mdomo. Baba akakanyaga kidole changu cha mguu na kuuacha mguu wake palepale.

"Tulikuja kuangalia kama waya iko salama, mama," akasema. "Isije ikakuumiza."

Njiani kurudi, Nekesa alitaka kujua kama mwizi tumempata au bado.

Jumamosi fundi alikuja, na waya wa simba haukuguswa. Baba alimpeleka kwa Kukhu, wakaufunga ule waya upya, juu na kwa usalama. Kisha akabaki nyuma na kumwambia Kukhu mwenyewe, kwa upole, kwamba mwanga alioahidi utaendelea, ila zile balbu za joto zinamlemea. Nasikia Kukhu alicheka mpaka akashika mlango. "Si ungesema. Mimi nilidhani stima ni kama mto, inapita tu." Siku hizi anawapasha vifaranga kwa makaa ndani ya chungu, kama mama yake alivyofanya. Kitaa chetu kinakonyeza kivivu, na mita imesahau kulia.

Jumapili Kukhu akatuletea jogoo mmoja wa lile kundi la uani. Mama akampika. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, haiulizwi wala haiguswi, na mimi katika maisha yangu yote nilikuwa nimeiona kwa mbali tu kama mlima. Mama akaiweka kwenye sahani ya baba. Baba akaitazama, akavunja kipande cha obusuma, ugali wetu, akala. Kisha akaichukua ile firigisi kwa vidole vyake na kuiweka kwenye sahani yangu, akaendelea kula huku akiangalia ukuta. Nami nikaila kabla hajabadili nia. Nekesa alitaka kusema, nikamkanyaga.

Basi, mwanangu, shika haya ya mzee wako. Stima ikipotea kwenu, usianze kumtafuta mlaji kwa mdomo. Zima kimoja kimoja, kitazame kile kitaa, nacho kitakuambia bila kukuonea. Ukiona waya usioujua, usiuguse, muite fundi. Na siku ukikua ukapewa maikrofoni kwenye matanga ya watu, sema lile unaloweza kulilipia, kwa sababu katika umati wote unaopiga makofi yupo mmoja ambaye amekuamini.

Nenda ulale sasa. Mungu akukuze mpaka upate simba yako, stima yako isikatike mechi ikiwa katikati, na firigisi isikupite milele. Hizo biskuti zilizobaki nitakutunzia.