Mnyonyore wa Dirishani

Baridi ya Sumbawanga haina adabu. Haipigi hodi, na mwezi wa sita ukifika hata maji ya ndoo yanauma vidole. Nimeolewa huku tangu ujana na bado sijaizoea, kwa sababu nimezaliwa Kabwe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo mtu hulala akijipepea kwa kanga. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba nilikuwa mwendawazimu kuotesha mnyonyore ndani ya nyumba ya Ufipa, sibishani naye. Nilijua ni wazimu. Lakini nilikuwa na sababu.

Sababu yangu ilikuwa mama. Ziwa lilipopanda lilimchukulia nyumba yake polepole, leo ukuta wa choo, kesho jiko, na yeye akawa anahamisha kitanda chumba hadi chumba kama mtu anayecheza kukimbizana na maji. Mwishowe nikaenda kumchukua. Alikuja na sufuria zake, msala wake, na maganda makavu ya mnyonyore aliyoyafunga kwenye pindo la kanga. Mti wenyewe ulikuwa umesimama mlangoni pake tangu alipoolewa, na sasa ulikuwa ndani ya maji.

Kwa asiyeujua, mnyonyore ni kichaka tu, si mti wa kujivunia. Majani yake madogo madogo, matawi yana miiba. Ila ukichanua, looh! Maua mekundu yenye kingo za njano, na katikati zinachomoza nyuzi ndefu nyekundu kama sharubu za kambare. Hayanuki hata kidogo. Mama alipokuwa akinisuta utotoni kwa ukali wangu alipenda kusema, "Mnyonyore haunuki, hupendeza mauaye. Wewe hunuki wala hupendezi, sijui nikuweke wapi."

Hakukaa sana kwetu nikaanza kuona mambo. Anamimina chai pembeni ya kikombe. Anagonga bega kwenye fremu ya mlango aliyopita jana yake. Nikampeleka kwa daktari wa macho, kijana mpole, akampima, akampima tena, kisha akatuambia kwamba ni presha ya macho na imeshafika mbali. Dawa ya matone ingechelewesha, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kitaendelea kubana kutoka pembeni kuja katikati mpaka kifunge. Mama alisikiliza kama anayeambiwa bei ya vitunguu.

Tukiwa kwenye bajaji kurudi nyumbani ndipo aliposema. "Nilikuwa napenda niuone mnyonyore wangu umechanua, mara moja tu, kabla sijafungiwa mlango." Nikamwambia kwamba Kabwe iko minyonyore kwa majirani waliojenga juu, na Kigoma imejaa tele, tungeweza kwenda. Akatikisa kichwa. "Ya watu hiyo. Mbegu zangu si unazo?"

Nilikuwa nazo, naam. Nikaziotesha.

Za kwanza niliziua mwenyewe kwa haraka zangu. Nilizifukia kwenye makopo, nikayapanga barazani, nikasubiri. Zikaoza zote kwa baridi. Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mbegu ya mnyonyore ina kichwa kigumu kama chako," akasema. "Isugue kwenye saruji mpaka gamba likwaruzike, uilaze kwenye maji ya uvuguvugu. Ikivimba, hiyo imekubali. Isipovimba, iache na kiburi chake." Nikazisugua zilizobaki kwenye ngazi ya mlango wa uani, nikazilaza kwenye kikombe, na nyingine zikavimba kweli. Safari hii makopo niliyaweka jikoni. Mimi hukaanga maandazi ya kuuza kila alfajiri, na ule ukuta wa nyuma ya jiko hukaa na joto mpaka adhuhuri. Nikayafunika makopo kwa nailoni ili joto lisitoroke, kila asubuhi nafunua, nachungulia, nafunika. Mche wa kwanza ulipotoka na mgongo wake umepinda kama bibi anayeokota kuni, nilipiga kigelegele peke yangu na unga mikononi. Ilichipua michache. Ulioishi ulikuwa mmoja.

Sasa hapo ndipo alipoingia mume wangu.

Mume wangu ni Mfipa wa Msanzi, mtoto wa wakulima, na watu wa kwao wanajua udongo. Wanageuza majani chini juu, wanayafukia kwenye matuta makubwa ya duara, yanaoza humo mpaka udongo unakuwa mweusi wa kung'aa, ndipo wanapanda maharage. Ukimsikia akiusifu udongo wa tuta la mama yake utadhani anasifu mahari. Siku moja akasafiri hadi Msanzi, akarudi na mfuko umejaa, kaubeba begani kutoka stendi, jasho linamtoka na baridi ile. "Mama," akamwambia mama yangu kutoka mlangoni, maana chumbani kwake alikuwa hajaingia hata siku moja, "shikamoo. Nimekuletea udongo. Huu hata fimbo ukiichomeka inaota."

"Marahaba, baba," mama akajibu, akivuta kanga kichwani. "Ahsante sana. Mungu akuzidishie."

Hawa wawili waliheshimiana mpaka inachosha. Mtu na mama mkwe wake hawazoeani, sawa, hata mimi nilifundwa hivyo, lakini wao walizidi. Wamo nyumba moja, ila mmoja akitaka chumvi ananiambia mimi nimwambie mwenziwe. Mume wangu akila sebuleni, mama anakula chumbani. Mama akiota jua barazani, yeye anapita kwa mlango wa uani kama mwizi wa kuku. Nilikuwa nawakaripia wote wawili, wananiangalia tu.

Basi tukauhamishia mche kwenye ndoo ya rangi iliyojaa udongo wa Msanzi, nikauweka chini ya dirisha la chumba cha mama, linalopata jua la asubuhi. Jamani, ulivyokua! Masika yalipokolea ulikuwa umefika kwenye nondo za dirisha, majani mazito, kijani cha kupendeza macho. Majirani wakawa wanakuja kuutazama. Mume wangu akawa anatembea kifua mbele, na kila akienda Msanzi anarudi na udongo mwingine wa kuongezea juu. Mama alipapasa majani kila asubuhi, akauliza, "Vipi, kuna dalili?" Nikamwambia bado. Kesho yake tena, bado. Mvua zikakatika, bado. Majani juu ya majani, na hakuna hata kitumba cha ua.

Na macho ya mama yalikuwa yanabana. Alianza kugeuza kichwa kizima ili kumtafuta mtu, kama anayechungulia kwenye mrija. Akikupata anatulia hapo hapo, hataki usogee. Dawa ya matone nilimtia mwenyewe, asubuhi na jioni, na kila nikimtia nilikuwa naiangalia ile ndoo kwa hasira. Siku moja nikashindwa. Nikaisemesha kabisa, kwa sauti: "Wewe nawe, unakula, unanywa, unanenepa, kazi yako nini?"

Mama, aliyekuwa ameketi kitandani nyuma yangu, akasema taratibu, "Usiutukane. Mtasemaje uzae na mmeushibisha hivyo? Kwetu ulikuwa kwenye mchanga. Nilikuwa naumwagia maji niliyooshea dagaa, basi, na siku nyingine nasahau. Mnyonyore ukinona hauna haja ya kuchanua. Unakula tu."

Nikageuka. "Mama. Ulilijua hilo?"

"Nililijua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipouleta huo udongo."

Mungu wangu, nilipiga kelele siku ile. Nilimwambia kwamba tumepoteza mwaka mzima. Nikamwambia kwamba macho si yangu, ni yake, na yanaondoka, na yeye amekaa kimya anaangalia majani! Alinisubiri mpaka pumzi ikanikata. "Ningemwambiaje?" akasema. "Mkwe wangu amebeba mzigo begani kutoka kwa mama yake mzazi, nami nimo ndani ya nyumba yake, nakula chake. Nimwambie udongo wa kwao haufai? Mimi sikulelewa hivyo, na wewe sikukulea hivyo, ingawa naona hukushika."

Kwa kishindo kile mume wangu alikuwa amekuja na kusimama ukumbini. Alisikia kila neno. Akaenda kukaa uani kwenye kinu kilichopinduliwa, na nilipomfuata alikuwa anatazama viganja vyake. "Mimi nilidhani ninampa kilicho bora," akaniambia. Hasira zote ziliniisha nikamwonea huruma, yeye na mama yangu pia, watu wawili wema waliokaribia kumalizana kwa adabu.

Kesho yake akapanda gari la kwenda Kabwe. Alirudi na kiroba cha mchanga wa ziwani, na konda alimtania njia nzima kumbe Sumbawanga mchanga umeisha. Akaingia chumbani kwa mama, kwa mara ya kwanza, akapiga goti. "Mama, nisamehe. Nimeleta wa kwenu." Mama akanyoosha mkono, akaupata mchanga, akauchota kidogo na kuuachia udondoke kati ya vidole. Akalia, na mume wangu naye akatoka nje haraka akijidai anatafuta beleshi.

Tuliung'oa taratibu, tukaosha mizizi, tukausimamisha kwenye mchanga, na nikaenda sokoni kwa muuza dagaa kuomba maji aliyooshea. Chumba kikanuka vibaya. Mama akasema kinanuka nyumbani. Mnyonyore ulipukutisha karibu majani yote, kipupwe kikaupita umesimama mkavu, nikajua basi, tumeua. Halafu joto lilipoanza kurudi, kwenye ncha ya tawi la juu, nikaona vitu vidogo vya mviringo vimejipanga, kama punje za mtama. Vitumba vya maua. Niliita nyumba nzima.

Nitasema mapema ili mtu asikae roho juu: maua yalifunguka, na mama hakuyaona, macho yalikuwa yameshafunga. Tuliyatazama mimi na mume wangu. Wapo walionipa pole kwa hilo, na pole nilipokea. Lakini hawakuwepo asubuhi ile, vitumba vilipokuwa vimeshaanza kuvimba na kuonyesha wekundu pembeni.

Nilikuwa nimeingia kumtilia dawa, nikaenda dirishani kwanza, kama kawaida yangu. Nikawa namhadithia. Kile cha chini kimenenepa, mama, kile cha kulia kimepasuka kidogo, wiki hii, wiki hii haipiti. Akanikatiza.

"Ondoa hiyo ndoo."

"Niiondoe kwani imefanya nini?"

"Inanizibia mwanga. Iondoe dirishani."

Nikamwambia kwamba ikiondoka kwenye jua maua yatachelewa, na tumebakiza siku chache tu, avumilie. Nilimsihi hasa. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyeuomba. Akasema, "Nakuambia iondoe, mwanangu," kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mtoto Kabwe. Nikaikumbatia ndoo, nikaiweka nyuma ya mlango. Roho iliniuma vibaya.

"Leta kigoda ukiweke hapo ilipokuwa. Kaa. Nitazame."

Nikakaa, jua likanipiga usoni. Mama akasogea ukingoni mwa kitanda, magoti yetu yakagusana. Akaanza kunitafuta kwa kile kitundu cha macho kilichobaki, kwanza akapata bega, kisha shingo, kisha akanipata, akatulia. Akanishika kidevu, akanigeuza kushoto kidogo.

"Kumbe una mvi," akasema.

"Ninazo siku nyingi."

"Hukuniambia." Akakipeleka kichwa chake polepole, kutoka paji la uso, akashuka. "Nyusi za baba yako. Hapa ulianguka kwenye mawe ya ziwani. Mbona umekonda mashavu? Maandazi unawauzia watu yote?" Nilitaka kumjibu, nimtanie, lakini machozi yakaanza kunitoka, na mdomo ukanikunjamana nisiweze kuuzuia.

"Usilie," mama akasema, kidevu changu bado kiko mkononi mwake. "Unaukunja uso. Tulia kidogo, bado natazama."

Nikatulia.