Walisema Ni Tumbo

Muuguzi alinipima presha, akanipima uzito, akaniuliza mara ya mwisho niliingia mwezini lini. Hayo nilijibu bila shida. Akanifundisha kujikagua matiti kwa vidole vilivyonyooshwa, kuzunguka taratibu mpaka kwapani, akasema baadaye atanipima mlango wa kizazi. Kisha akauliza, "Mama yako alifariki kwa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo gani?"

Nikaona aibu. Mtu mzima, nimezaa, sijui kilichomuua mama yangu. Nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka madirisha yaliyofungwa mchana, na harufu ambayo hakuna sabuni iliyoiondoa.

Jumamosi nikatoka Moshi nikapanda kijijini kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu, ndiye aliyenilea. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi za mtori. Nilimpa shikamoo yake, nikamuuliza hata sijakaa.

Aliendelea kumenya. "Lilikuwa ziwa," akasema. "Lilioza."

"Mbona mlisema tumbo?"

"Mngeolewa na nani? Watu wakija kuposa wanaulizia kwanza ukoo una ugonjwa gani. Tuliwasitiri, mwanangu."

Nilichukia, na mpaka leo nachukia. Mume walinipatia, sikatai. Alishaondoka zamani, mimi nimebaki na kifua changu ambacho hakuna aliyenionya juu yake. Kwa hasira nikamwambia yote aliyonifundisha muuguzi, nikimwonyesha juu ya blauzi yangu, hapa, na hapa, mpaka huku.

Mama mdogo akaweka kisu chini. Akajifuta utomvu wa ndizi, akaushika mkono wangu, akauingiza ndani ya kitenge chake, karibu na kwapa. Kilikuwepo. Kivimbe kigumu kama kokwa la parachichi.

"Tangu lini?"

"Usimwambie mtu. Wakwe wanaleta mbege ya posa mwezi ujao. Mdogo wako akishafunga ndoa, nitakwenda hospitali."

Mdogo wangu huyo, bintiye wa mwisho, alikuwa zizini anakamua. Tulikuwa tunamsikia akimbembeleza ng'ombe atulie.

"Nakuomba, mwanangu," mama mdogo akasema, na hakuwa ameniomba kitu tangu aanze kunilea. Alinibana mkono. Nikauchomoa, nikasimama mlangoni, nikamwita mdogo wangu kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani.

"Acha ndoo! Njoo umshike mama yako hapa!"