Mfano wa Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini miaka ishirini na mbili, mpaka magoti yakamgomea. Akaomba ahamishiwe mapokezi, naye akae kitini kama watu. Sharti likawa moja: afaulu mtihani wa kuzungumza Kifaransa, maana wagonjwa wengi wa pale husema lugha hiyo.

"Wewe na Kifaransa wapi na wapi, baba watoto?" dada alimcheka.

Siku ikafika. Mwalimu aliyesimamia mtihani akamwuliza, "Baba, neno *social* lina maana gani? Nipe na mfano."

Maana aliijua: kinachohusu jamii, jinsi watu wanavyoishi pamoja. Mfano ndio uliompiga chenga. Mwisho akaamua kusema ya kazini kwake, kwa Kifaransa cha kuungaunga.

"Mwalimu, chumba namba nane kulikuwa na mzee. Mguu ulipona, wiki mbili zikapita, haondoki, maana hana ndugu wa kumpokea. Daktari alishamaliza kazi yake. Tatizo lililobaki lilikuwa *social*."

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Huyo mzee akaishia wapi?"

"Yuko kwangu tangu juzi. Sukari yote anamaliza yeye, na mke wangu anampenda kuliko mimi."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaandika kwamba amefaulu.

Sasa shemeji anakaa mapokezi, kifua mbele. Mimi nikipita kuwasalimu nalala kwenye kochi, kitanda cha wageni kimeshapata mwenyewe.