Rangi ya Kalipa na Funguo za Baba

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, na imenirudia juzi nilipokuona umeinama uani, simu mkononi, unapaka kalipa za gari lako rangi nyekundu. Uliniuliza mbona nimesimama kimya. Sikukujibu kwa sababu jibu lake ni refu, na wewe ulikuwa na haraka, kama kawaida yenu. Leo keti nikujibu.

Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, nakaa na baba yangu hapa hapa Mbeya. Mama alikuwa ameshafariki. Baba aliendesha malori ya Zambia tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na kitu alichobaki nacho cha kujivunia ni gari lake dogo jeupe. Asubuhi ile akaona kalipa, kile chuma kinachoibana diski ya breki nyuma ya gurudumu, imeshika kutu. Akasema hawezi kutembea na kutu, watu watadhani amezeeka.

Tukapiga jeki, tukatoa gurudumu la mbele. Baba akafungua bolti, tukaisugua kalipa kwa brashi na petroli, tukaipiga msasa, akairudisha mahali pake ili tuipake. Alinifundisha kwa upole: funika diski kwa gazeti, funika mipira, rangi isiguse pale breki inaposhika. "Rangi ni urembo, mama," aliniambia, "breki ni roho za watu." Nilifurahi sana siku ile kuwa mwanafunzi wake.

Tukamaliza, tukaenda kunywa chai. Kurudi, baba akaokota brashi, akalivua lile gazeti, akaanza kupaka diski yenyewe. Nikacheka, nikidhani ananitania. Alipoendelea nikapaza sauti: "Baba, unapaka diski! Si umenikataza mwenyewe sasa hivi?"

Akaitazama brashi kana kwamba kuna mtu amemwekea mkononi. Kisha akawaka. "Wewe ndiye wa kunifundisha mimi breki?" Akaitupa brashi kwenye majani, akaingia ndani kunawa.

Sikuelewa kitu. Nikazigusa bolti za kalipa, zikazunguka kwa vidole. Hakuwa amezikaza. Hapo ndipo nilipoogopa, maana kesho yake alikuwa ameahidi kuwapeleka akina mama wa kwaya Mbalizi, na mteremko wa Mbalizi unaujua mwenyewe.

Nikakimbilia jikoni kwa Shangazi Tulinagwe, dada yake baba, aliyeolewa Iringa, pale Mlandege, na wiki ile alikuwa amekuja kututembelea. Nikamweleza huku nalia. Aliacha kumenya viazi, akanikemea kwanza.

"Umempigia kelele kaka yangu, nje, majirani wanasikia? Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, we binti!"

"Shangazi, watu watakufa."

"Basi asiendeshe. Mwambie rangi haijakauka."

"Si uongo huo?"

"Julai hii, Mbeya hii, wewe umeona nini kinakauka? Hata soksi zangu tangu Jumatano ziko kwenye kamba."

Nikaenda, nikamwambia. Baba akatazama ukungu uliokuwa umeshuka mlimani, akatikisa kichwa. "Kweli. Baridi hii mbaya." Akina mama wa kwaya wakatafuta usafiri mwingine. Jioni nikamwita fundi, akaisafisha diski, akakaza bolti, akarudisha gurudumu. Nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha, mwanangu. Kila asubuhi baba alitoka na funguo, akauliza, "Imekauka?" Nami nikajibu, "Bado, baba." Siku nyingine alikumbuka kila kona ya barabara mpaka Tunduma, akazitaja zote. Siku nyingine aliniita kwa jina la mama. Nilichanganyikiwa hasa. Nikimwona mzima, nilijiona mwongo mkubwa ninayemfungia mzee wa watu nyumbani. Nikimwona amepotea, niliona aibu kwamba nilikuwa nimeanza kumwonea mashaka.

Kaka yangu Ambakisye akaja kutoka Chunya, alikokuwa akichimba dhahabu, akanigombeza. "Mficha maradhi kifo humfichua," akasema. "Mzee anaumwa. Aambiwe wazi, anyang'anywe funguo." Nikaona kaka ana haki. Nikimkumbuka shangazi, nikaona naye ana haki. Kila nilipoamua jambo usiku, asubuhi nilikuwa nimeligeuza. Na njia ya mwongo ni fupi: kipupwe kikaisha, jua la Oktoba likawaka, vumbi likatimka. Hakuna rangi ambayo isingekuwa imekauka, na mtoto mdogo angelijua hilo.

Jumapili moja mwalimu wa kwaya akaja kuomba tena, safari ya Mbalizi. Tulikuwa wote uani. Ambakisye akanong'ona, "Leo namwambia, mbele ya huyu huyu mwalimu." Baba hakungoja neno la mtu. Akaenda kwenye gari, akachuchumaa kwa taabu, akapitisha kidole kwenye matundu ya rimu, akaigusa kalipa.

Akakitoa kidole, akakitazama. Kilikuwa kikavu, safi kabisa. Akaniangalia mimi, muda mrefu. Kisha akakifuta kile kidole kwenye suruali yake, taratibu, pande zote mbili, kama mtu anayeondoa rangi mbichi.

"Bado, mwalimu," akasema. "Binti yangu ameipaka rangi, na haijakauka. Utanisamehe."

Ambakisye alikuwa amenyoosha mkono apokee funguo. Baba akampita, akaziweka katika kiganja changu, akakifunga kwa vidole vyake. "Zitunze, mama." Hakuziulizia tena mpaka alipofariki.

Je, alijua? Au alisahau kwamba kidole safi maana yake rangi imekauka? Sijui. Nimekuwa bibi yako, bado sijui. Nilimwuliza shangazi, akanijibu kwa ukali, "Unataka kujua ili iweje? Amekupa funguo, sema asante." Nililia siku nzima, na sikujua kama nalia kwa huzuni au kwa shukrani.

Kwa hiyo mwanangu, sikukatazi kupaka kalipa. Paka, ila bolti kaza mwenyewe, na diski usiiguse. Lakini mzazi wako akianza kupotea, usimpigie kelele mbele za watu, na usimwachie usukani kwa kumwonea haya. Hayo mawili yanavutana, nami sitakudanganya kwamba nilipata njia iliyonyooka katikati yake. Mwachie nafasi ya kutoka kwa miguu yake mwenyewe, akiwa bado na heshima yake. Utachanganyikiwa. Changanyikiwa ukiwa karibu naye.

Nenda sasa, chai yako inapoa. Mungu akupe kuwaona wazazi wako wakizeeka, akupe na ulimi mpole wa kusema nao. Na zamu yako itakapofika, akujalie mtoto wa kukushika mkono bila kukuuliza maswali. Amina.